Mdudu Asiye na Nembo

I

Kwetu Kilolo mdudu asiye na nembo ni kosa la jinai, na mimi nilimkuta mmoja ndani ya sanduku la nguo za marehemu mume wangu.

Nilikuwa nimepiga magoti, natoa nguo za Fulgensi nikazifue. Jumamosi ukoo ungekuja kuzigawa, na desturi yetu nguo za marehemu hufuliwa na mjane kwa mikono yake mwenyewe, hata kama ana mashine ya kufulia inayoongea. Koti la sufu nililiacha mpaka mwisho. Lilikuwa bado na harufu yake: jasho, moshi wa kufukizia nyuki, na ile tumbaku aliyoniapia kwamba ameshaiacha. Nilipolikunjua ili nilie vizuri, kitu kikatembea kwenye kola.

Alikuwa na ukubwa wa mbegu ya alizeti. Mabawa yamelala mgongoni kama ya mende, kiuno chembamba kama cha nyigu, rangi ya majivu. Hakukimbia wala hakuruka. Alikuwa anaipapasa ile kola kwa miguu ya mbele, anarudi, anapapasa tena palepale, kama kipofu anayetafuta uso wa mtu anayemjua.

Nilimfunika kwa glasi ya chai, nikapitisha kadi ngumu chini yake, nikaita, "Jicho!"

Kila nyumba ina Jicho darini siku hizi. Yaliwekwa baada ya nyuki wa tambarare kufa wote na viwanda kuanza kutengeneza wadudu wa kuchavusha mashamba. Mdudu wa kiwandani ana nembo mgongoni, vidoti vya rangi vya kiwanda chake. Mdudu wa Mungu, Jicho linamjua kwa umbo. Niliinua glasi juu ili liangalie.

"Si nzi," likasema kwa ile sauti yake ya mtangazaji asiyekosea. "Si nyigu. Si mende. Hana nembo. Mdudu huyu hajulikani. Tafadhali toka chumbani."

"Toka wewe," nikaliambia. Tangu nifiwe sikuwa na adabu kwa mtu, sembuse mashine.

II

Asteria Sanga tulisoma naye dawati moja. Yeye akawa mkaguzi wa wadudu wa mkoa, mimi nikaolewa na mfuga nyuki, na kila mmoja alimwonea mwenzake wivu kidogo. Alipanda kutoka Iringa mchana uleule. Hakukaa wala hakugusa chai. Alimtazama yule mdudu kwa lenzi muda mrefu, akampulizia pumzi kupitia tundu dogo. Mdudu hakujali.

"Nipe kitu cha Fulgensi," akasema. "Kisichofuliwa."

Nilimpa leso iliyokuwa kwenye mfuko wa koti. Aliipasha joto kiganjani, akaisogeza karibu na glasi tu, hata hakuigusisha. Yule mdudu mpole akageuka mwingine. Alijipigiza kwenye kioo, mkia juu, na kwenye ncha ya mkia ukatoka mwiba mweupe.

Asteria akaiweka leso mbali, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Blandina, huyu anaitwa mnuso. Nimewaona wawili tu maisha yangu yote, na wote walikuwa wamekufa. Walitengenezwa kwa ajili ya maporomoko ya ardhi. Unampa nguo ya mtu aliyefukiwa, anajifunza jasho lake, unamwachia, anamfuata mpaka chini ya tope. Mtu huyo mmoja tu duniani. Wakora wakawaiba, wakawafuta nembo, wakawaongezea mwiba."

"Sumu ya mwiba inafanya nini?"

"Inasimamisha moyo. Daktari akipima anaandika moyo."

Daktari alikuwa ameandika moyo.

Niliiona tena ile siku yote. Fulgensi amekaa barazani baada ya kula, anakwangua nta kwenye fremu za mzinga. Akajipiga kibao shingoni, akacheka: "Hawa nao wamenifuata mpaka nyumbani!" Mfuga nyuki hamwonyeshi mkewe alipoumwa, ni kama mpishi kuonyesha alipoungua. Nami nikamcheka. Chai yake haijapoa, kichwa kikaangukia kifuani.

"Mbona huyu yuko hai?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilinitisha.

"Hutumwa wawili. Wa kwanza akishachoma hufa na kuyeyuka, unabaki unga mweusi ambao bila shaka uliufagia. Wa pili ni akiba. Aliyekufa hatoi jasho tena, basi huyu akabaki anatafuta. Akaifuata harufu mpaka sandukuni."

"Nani aliyewatuma?"

"Maabara inaweza kuniambia alipotengenezwa. Aliyemnunua na kumpa nguo ya kunusa haiwezi kumjua."

Lakini mimi nilishamjua. Severin, mdogo wake Fulgensi, alikuja kutoka Makambako kabla ya mvua kukatika, akaondoka na kofia ya sufu ya kaka yake kichwani. "Naazima tu, shemeji, baridi ya kwenu haina huruma." Haikurudi. Na alichokuja kusema alikisema mezani, mimi nikiwapakulia: kiwanda kinataka mizinga ya mlimani, nyuki wa mwisho wa Mungu katika mkoa mzima, na kaka anakaa nayo kama kuku aliyelalia mawe. Fulgensi alimjibu kwamba nyuki si wake wala si wa Severin, ni wa mlima. Severin akamwita mjinga, wakacheka wote wawili. Jumamosi Severin angevishwa lile koti kama mrithi, na anayevaa koti anachukua mizinga.

Nilimweleza Asteria. Alitikisa kichwa.

"Watu huazima kofia kila siku. Hiyo ni hasira yako, si ushahidi." Akafunga begi lake. "Sheria inataka kasha la muhuri, nami sikuja nalo. Nitarudi nalo Jumamosi. Mpaka wakati huo mweke kwenye friji na usimguse. Baridi inamlaza, joto la mwili linamwamsha."

"Akimtambalia mtu mwingine?"

"Hamuumi asiyemjua. Isipokuwa mtu huyo awe amevaa nguo yenye jasho la mlengwa. Hapo kwa mnuso huyo ndiye mlengwa." Alilisema hilo kwa kasi, kama anasoma kitabu. Halafu akanitazama. "Blandina."

"Nimesikia," nikasema.

III

Nilifua kila kitu isipokuwa koti.

Nilifua suruali, nikafua mashati, nikafua hata soksi zisizo na wenzake, na muda wote huo nilikuwa namuua Severin. Nilimuua taratibu. Nilimwona anatabasamu mbele ya ukoo, anaingiza mkono wa kwanza, anaingiza wa pili, anajipiga kibao shingoni. Nilitaka acheke kwanza, kama kaka yake alivyocheka. Yule mdudu alikuwa amelala ndani ya friji kando ya maziwa mgando, nami kila nilipopita nilifungua mlango kumjulia hali kama mgonjwa wangu.

Hakuna ambaye angeshtuka. Mjane hufua, kila mtu anajua hivyo, na muuaji zaidi ya wote. Ile desturi ndiyo ilikuwa kinga yake. Angelivaa koti bila wasiwasi kwa kuwa anaamini maji na sabuni vimeshafuta jasho la kaka yake. Mimi ningelishona kimya changu ndani ya kola na kumvisha.

Nilikuwa naanika shati la harusi yetu nilipoliona tatizo. Kama Severin hana hatia, naye angelivaa bila wasiwasi vilevile. Nikinyamaza, mdudu wangu angemuua yeyote atakayelivaa, mwema au mwovu, nami nisingejua mpaka naingia kaburini ni yupi niliyemuua. Nikisema mbele ya watu kwamba sijalifua, aliyemtuma mnuso angelikataa na kubaki hai, na asiye na hatia angelivaa kwa upendo na kufa. Mtego gani huo unaomwachia mwizi na kumnasa mwenye shamba?

Mtu mwenye akili angeishia hapo na kumngoja Asteria. Akili nilikuwa nayo, ila nayo ilikuwa upande wa hasira. Nikapanga hivi: nitasema sijalifua, na macho yangu hayatamwachia Severin. Akinyoosha mkono kulipokea, nitalirudisha na kusingizia majonzi. Akiogopa, nitamvisha mwenyewe.

Shati la harusi lilikuwa linadondosha maji miguuni mwangu. Nikaona ni mpango mzuri. Nilichosahau ni kwamba Gama naye angekuwepo.

IV

Gama ni Mngoni, na Wangoni ni watani wetu tangu babu zetu walipochoka kuchinjana. Kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kucheka. Anaweza kulala kwenye kaburi kabla ya marehemu, anaweza kuficha sufuria ya wali mpaka abembelezwe, na hakuna wa kumkasirikia. Gama alimtania Fulgensi maisha yake yote, akamlilia kuliko ndugu zake.

"Kamwene, kamwene, wakimbizi!" aliingia akitusalimu kwa kilugha chetu. "Mmemaliza kulia? Babu zetu waliwakimbiza mpaka huku mlimani kwenye baridi, na bado hamjashukuru!"

"Mlitukimbiza ninyi au mlikuwa mnakimbia nyuma yetu?" akajibu baba mkubwa Ngimba, mkuu wa ukoo, na sebule nzima ikacheka. Ndivyo tulivyoanza.

Nguo ziligawanywa. Viatu kwa huyu, mashati kwa yule, mkanda kwa mpwa. Asteria alifika katikati ya shughuli, akakaa karibu na mlango na kasha lake mapajani. Alinitazama kwa swali la friji. Nikajifanya sijaliona. Mnuso alikuwa ameshahamia chini ya kola, amelala bado kwa ubaridi, na koti lilikuwa limekunjwa mikononi mwangu.

"Mrithi asimame," akasema baba mkubwa.

Severin akasimama. Alikuwa amependeza, amenyoa, macho yake mekundu ya kilio. Akanyoosha mikono yote miwili, na kwa kitambo nikaogopa kwamba nimemkosea.

"Shemeji," nikasema, "hili koti sijalifua. Mikono ilikataa. Nimekuachia na jasho la kaka yako."

Wanawake wakaguna kwa huruma. Mikono ya Severin ikasimama hewani.

"Halijafuliwa?"

"Halijafuliwa."

"Basi... basi likafuliwe kwanza, shemeji. Nitalifuata wiki ijayo. Hakuna haraka." Alikuwa anarudi nyuma, na macho yake hayakuwa usoni kwangu. Yalikuwa kwenye kola.

"Tangu lini mtu akaogopa jasho la ndugu yake wa tumbo moja?" baba mkubwa akauliza.

Nikawa nimepata jibu langu. Moyo ukanitulia kifuani kama jiwe linapofika chini ya maji. Nililikunjua koti, nikapiga hatua.

Gama akalinyakua.

"Hamlitaki? Mtani hachagui!" Kabla sijafumbua mdomo alikuwa ameshalivaa, amepandisha kola mpaka masikioni, na amekuwa Fulgensi. Alitembea kama Fulgensi, goti moja zito. Aliita kama Fulgensi: "Blandina! Kifukizio changu umekificha wapi tena, mwanamke?" Sauti ilikuwa ileile. Watu walicheka huku wanafuta machozi.

Nilimtazama Severin. Alikuwa anaitazama ile kola iliyopanda shingoni mwa Gama, jasho linamtoka, na mdomo wake umefungwa. Mtu asiye na ugomvi naye alikuwa anakaribia kufa mbele yake kwa ajili ya mizinga, na yeye alikuwa anangoja.

Nami nilikuwa nimenyamaza vilevile. Niseme nini? Nikipiga kelele, wote wangejua ni nani aliyemweka mdudu pale. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, Gama akizunguka sebuleni na joto lake likipanda ndani ya sufu. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini ilikuwa pumzi nzima.

Halafu nikamrukia. Nilimshika ukosi, nikamvua lile koti kwa nguvu mpaka kifungo kikaruka, naye akaanguka kitako. Mnuso alikuwa ameshaamka. Alikuwa juu ya kola, mkia umesimama, mwiba nje. Nikamfumba ndani ya ngumi yangu ya kushoto.

Mjane hampigi mtani. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo. Ndani ya ngumi mdudu alikuwa anapapasa kiganja changu, anatafuta, na mimi sikuwa na hakika kama Asteria alikuwa anajua alichosema au alikisoma tu. Hakuniuma. Hakunijua.

Kwa mkono wa kulia nikalirusha koti mabegani mwa Severin na kulikaza shingoni.

Alipiga yowe ambalo sijalisikia tena. "Mnuso! Mtoeni mnuso! Kuna mnuso!" Alijipiga shingo, alijipiga kifua, alichana mikono ya koti, akaangukia kwenye rundo la nguo safi na kujibiringisha kama mtu anayeungua. "Nitoeni, nakufa, jamani, nitoeni!"

"Mnuso ndiyo nini?" baba mkubwa akauliza. Aliwageukia watu mmoja mmoja. Ukiacha mimi na Asteria, hakuna aliyekuwa amewahi kulisikia neno hilo. Jicho lenyewe, darini, lilikuwa halilijui.

Severin akaacha kujibiringisha. Nikachuchumaa karibu naye, nikafungua vidole kidogo, kiasi cha yeye kuona.

"Huyu hapa, shemeji. Kwenye koti hamna kitu. Nimeuliza mashine ya serikali, haikumjua. Wewe umemtaja jina kabla hujamwona."

Baba mkubwa akamsogelea Severin pale chini. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema taratibu, akaagiza mlango ufungwe mpaka askari waje.

Sitawadanganya, ilikuwa tamu. Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia Severin akilia, amevaa koti la kaka yake ambalo hakuna aliyemruhusu kulivua, nikaona ni haki yake. Aliyasema yote kabla hajaulizwa: kofia, aliyemuuzia, ahadi ya kiwanda. Kila neno nililinywa kama maji baada ya kulima.

Asteria alikuja na kasha, nikamdondoshea mnuso ndani, akapiga muhuri. Aliongea chinichini.

"Nilikuambia friji."

"Uliniambia."

"Alikuwa kwenye koti. Nani alimweka?"

Sikumjibu. Asteria aliandika kwamba mdudu alikutwa kwenye kola, na hakuandika alivyofika huko. Tangu hapo hapokei simu zangu. Lakini pale sebuleni, nyuma ya Asteria, Gama alikuwa bado amekaa chini, kifungo cha koti kiganjani, anaisugua shingo yake taratibu. Alikuwa amelisikia lile swali, na kimya changu pia.

V

Mizinga ipo. Nyuki wa mlima wanaingia na kutoka, na hakuna kiwanda kilichothubutu kurudi kuniuliza. Severin yuko gerezani, na siku ya hukumu niliketi mstari wa mbele nimevaa kitenge changu kizuri kuliko vyote. Koti nimelifua. Limetundikwa nyuma ya mlango, linanukia sabuni.

Gama hupita kwangu akienda sokoni, njia ni ileile. Zamani angepiga kelele tangu kwenye kona kwamba wakimbizi wajifiche, Mngoni anapita, nami ningemmwagia maji ya vyombo juu ya ua. Mara ya kwanza baada ya msiba nilimsubiri getini na tusi langu zuri la kumtania, nimeliandaa tangu asubuhi. Nikamrushia: babu zenu walikuja huku wamevaa ngozi, wakaondoka bila hata hiyo ngozi!

Gama ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, angeweza kunizaa. Alisimama mbali kidogo na geti, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema, akapita.